Nani Atatupa Ukumbi?

Kabla ya shairi, kabla ya filamu, kabla ya bango hata moja kuandikwa, kuna simu ya kuulizia ukumbi. Nairobi, kazi ya mwanaharakati huanzia hapo. Unampigia meneja, unamweleza kwamba ni jioni ya mashairi na muziki, watu themanini hivi, vyombo vya sauti tutakuja navyo. Anakubali, anakutajia bei. Kisha anauliza: "Na nyinyi ni kikundi gani?" Ukisema ni kikundi cha wanawake, mnaendelea kuongea vizuri. Ukisema ni wanawake pamoja na watu wa LGBTQ, anasema atakupigia. Hapigi.

Nimekuwa kwenye mikusanyiko hii kwa miaka mingi, mara nikiwa msikilizaji, mara nikisoma mashairi yangu, mara nyingi zaidi nikisimama mlangoni kupokea wageni. Naandika kuhusu Nairobi kwa kuwa ndio mji ninaoujua, na kwa kuwa historia ya wanawake wa mji huu kugombania mahali pa kukusanyikia ni ndefu kuliko tulivyofundishwa shuleni. Dai langu ni moja: harakati za wanawake na harakati za wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia zimesimama juu ya ardhi ileile hapa Nairobi. Anayejaribu kuzitenga, hata akiwa mwenzetu, anazidhoofisha zote mbili.

Ninaposema ardhi, namaanisha udongo na nyasi zenyewe. Mwaka 1989 serikali ya Rais Moi ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la chama tawala, pamoja na sanamu kubwa ya rais mwenyewe. Wangari Maathai alianza kuandika barua. Aliandikia wizara, aliandikia mashirika, aliandikia wafadhili wa nje. Bungeni wabunge walimtukana, wakaikumbusha nchi nzima kwamba ni mwanamke aliyeachika. Shirika lake, Green Belt Movement, likatolewa katika ofisi za serikali. Lakini fedha za ujenzi zikakosekana na jumba halikusimama. Miaka miwili baadaye, 1991, ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens. Palitakiwa pajengwe maegesho na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa A. M. Jeevanjee aliyewapa wakazi wa mji bustani hiyo mwaka 1906, aliongoza kampeni ya kuipinga mipango hiyo, na bustani ikabaki. Leo ukipita saa saba mchana utawakuta wahubiri, makarani wanaokula matunda kwenye mifuko, na wazee wanaobishana siasa.

Bustani hizo mbili ndizo tunazokimbilia kila tunapotaka kuandamana, na zote mbili ziliokolewa na wanawake. Vijana wanaokuja na mabango yao huwa nawaeleza hili wakiwa wamekaa kwenye nyasi, nikitaka wajue wamekalia nini.

Kisha kuna 1992. Tarehe 28 Februari, akina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walikaa kwenye pembe ya Uhuru Park, wakaanza mgomo wa kula. Miongoni mwao alikuwa Monica Wamwere, mama yake mwanasiasa Koigi wa Wamwere. Wangari Maathai alikaa nao. Watu walianza kumiminika, wengine wakisimulia hadharani kwa mara ya kwanza jinsi walivyoteswa katika vyumba vya chini vya jengo la serikali la Nyayo House. Tarehe 3 Machi polisi walifika na virungu na vitoza machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari wale, na askari wakageuza nyuso. Kila Mkenya anajua uzito wa laana ya mama kukuvulia nguo. Hawakurudi nyumbani. Walihamia All Saints' Cathedral, ng'ambo tu ya barabara, wakapewa hifadhi katika chumba cha chini ya kanisa, na wakakaa humo karibu mwaka mzima. Pembe ile ya bustani tangu hapo inaitwa Freedom Corner.

Na kabla yao, tarehe 16 Machi 1922, Muthoni Nyanjiru alikuwa ameshafanya jambo la namna hiyo mbele ya kituo cha polisi alikofungwa Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, karibu na kilipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Wanaume walipoanza kutawanyika baada ya wazee kuwashauri warudi nyumbani, alipandisha nguo yake juu na kuwaambia wachukue hiyo nguo na wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Askari walifyatua risasi, na Nyanjiru akawa kati ya waliouawa.

Nazieleza habari hizi kwa urefu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mwili wa mwanamke katika siasa za mji huu ni mtindo mpya. Nimechoka zaidi kusikia kwamba suala la wanawake wanaopenda wanawake lililetwa juzi na simu za mkononi. Julai 1985, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa tatu wa dunia kuhusu wanawake hapa Nairobi. Wajumbe wa serikali walikutana katika jumba la mikutano la KICC, na wanawake wa mashirika na vikundi, zaidi ya 10,000, wakajaza viwanja vya Chuo Kikuu. Kwenye nyasi za chuo, wanawake wapendao wanawake kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo za Kusini mwa dunia, walikaa wakafanya mazungumzo yao mchana kweupe, na yeyote aliyetaka kusikiliza alikaa akasikiliza. Imepita miaka 40. Mazungumzo hayo yaliwahi kuwa na mahali hapa mjini kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa nije kwenye ukumbi wenyewe, maana huko ndiko ninakoishi.

Jioni ya kawaida huwa hivi. Tangazo linasema siku na saa, lakini mahali unatumiwa siku ileile, baada ya mtu anayekufahamu kukudhamini. Mlangoni kuna wawili: mmoja anakagua majina, mwingine anagawa utepe wa mkononi. Utepe wa rangi moja unamaanisha unaweza kupigwa picha, wa rangi nyingine unamaanisha hapana, na hiyo hapana haijadiliwi. Kuna mwalimu humo ndani, kuna muuguzi, kuna msichana anayekaa na shangazi yake mtaa wa Umoja na aliyeaga akisema anakwenda kesha. Picha moja inaweza kumkosesha kazi au pa kulala. Nyuma ya ukumbi anakaa wakili wa kujitolea na mshauri nasaha, kila mmoja na kiti cha ziada kando yake, na hakuna anayeuliza nani amekwenda kukaa pale wala kwa nini. Pembeni kuna mkeka wa watoto, kwa kuwa mama asiye na pa kumwacha mtoto ni wetu pia. Mezani kuna chapati, ndengu na chai ya maziwa, na vijarida vilivyokunjwa kwa mkono, mashairi upande mmoja, upande mwingine namba za kupiga ukikamatwa.

Halafu jukwaa. Wengi husoma kwa Sheng, wengine kwa Kiingereza, na kuna wale wanaotunga kwa Kiswahili cha vina na mizani na kuufanya ukumbi mzima unyamaze. Nimemsikia kijana akimsomea mamake shairi ambalo mamake hatalisikia kamwe. Nimemwona mwanamke wa makamo, aliyevaa leso juu ya gauni la kanisani, akipanda jukwaani kusimulia jinsi alivyoachwa na mumewe na kulea watoto pamoja na rafiki yake wa kike. Walilala kitanda kimoja miaka yote hiyo na majirani hawakusema lolote kwa sababu hawakuulizwa. Alisimulia bila kutafuta jina la kuipa hali hiyo. Alipomaliza, wasichana wa miaka ishirini walimzunguka na kumwita shosho, naye akacheka, akawauliza kama wamekula.

Saa tatu tunafunga. Watu wanataka matatu kabla nauli haijapanda. Katika ukumbi mmoja tuliowahi kuutumia kulikuwa na bawabu, mzee wa kutoka Magharibi, ambaye mara ya kwanza alituuliza kwa upole: "Madam, hii ni ya mashairi ama ni ile ingine?" Nikamjibu kwamba ni zote mbili. Alifikiri, akasema, "Sawa. Mkimaliza mniambie niwaitie gari liingie ndani ya geti. Hapo nje kuna vijana wananiuliza maswali." Tangu siku hiyo alisubiri hadi mgeni wa mwisho aondoke. Ukumbi huo tuliupoteza baadaye. Mwenye nyumba alisikia, akarudisha pesa, akasema hataki shida. Sikumchukia. Lakini nilimkumbuka yule mzee wa getini, ambaye alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza kuliko mwenye nyumba.

Sheria ndiyo inayowapa wenye nyumba hofu, na pia kisingizio. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu tulirithi kwa Waingereza. Cha kwanza kinatishia kifungo cha hadi miaka 14. Havisemi popote kwamba ni kosa kukaa ukumbini na kusoma shairi. Tarehe 24 Mei 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuviondoa. Siku tatu kabla ya hukumu hiyo, Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki hapa Nairobi. Januari 2014 alikuwa ameandika waziwazi kwamba ni shoga, katika maandishi aliyomwelekezea mamake marehemu, na kwa wengi wetu alikuwa mtu wa kwanza mwenye jina kubwa kulisema hilo akiwa nyumbani, akiwa hajahama. Juma hilo tulibeba mambo mawili kwa pamoja. Watu walikwenda mahakama ya Milimani wakiwa tayari wamevaa nyeusi.

Lakini upande wa pili wa sheria nao upo, na wenye kumbi wanapaswa kuujua. Tume ya kitaifa ya haki za mashoga na wasagaji, NGLHRC, ambayo ni shirika lisilo la serikali, ilinyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Kesi ilichukua miaka kumi. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba uhuru wa kuunda vyama na kujiunga navyo ulioko katika kifungu cha 36 cha Katiba ni wa kila mtu, na kwamba kumnyima mtu usajili kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi ni kinyume cha Katiba. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa: mimbari, misikiti, mikutano ya siasa, mswada wa mbunge Peter Kaluma wa kuongeza adhabu. Mbunge huyo alirudi mahakamani kuomba uamuzi uangaliwe upya, akakataliwa Septemba mwaka huohuo. Uamuzi ungalipo. Mimi hutembea na nakala yake kwenye simu.

Sanaa nayo ilipambana na sheria kabla ya hukumu hizo. Mwaka 2014 kundi la wasanii la Nest lilitengeneza filamu ya hadithi fupi tano zilizotokana na masimulizi ya Wakenya wapenzi wa jinsia moja. Bodi ya filamu ikaizuia, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kupiga picha za filamu bila leseni. Mwaka 2018 ikawa *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, kuhusu wasichana wawili wa mtaani wanaopendana. Bodi ilitaka mwisho wake ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mwongozaji akakataa, filamu ikapigwa marufuku. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliifungulia mlango kwa siku saba, akisema hakuamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kuyumbishwa na filamu.

Siku saba hizo nazikumbuka kwa sababu ya foleni. Sinema moja ya Ngong Road ilijaa, tiketi zikaisha, wakaongeza vipindi. Wasichana walikuja wameshikana mikono kama ambavyo wasichana wa Nairobi hushikana mikono siku zote, ila safari hii walijua sisi tunajua. Ndani ya ukumbi watu walicheka pale ambapo mtu wa nje asingejua kuna cha kuchekesha, kwenye maneno ya akina mama wa kibandani, kwenye wimbo wa kanisani. Taa zilipowaka hakuna aliyesimama upesi. Kwa siku saba ukumbi wa biashara, wenye bisi na kiyoyozi, ulikuwa wetu kihalali, na polisi hawakuwa na la kufanya. Nimeshuhudia maandamano mengi. Sijaona lililobadilisha nyuso za watu kama hilo.

Kuna jengo jingine ambalo nalitaja kila ninapobishana na wenzangu wa harakati za wanawake: Maendeleo House, katikati ya mji, nyumba ya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952. Ndani yake kuna Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, na humo, kuanzia 2011, kulifanyika tamasha la filamu za LGBTQ. Watazamaji walipanda ngazi za nyumba ya akina mama kwenda kujiona kwenye skrini. Hakuna kilichoharibika katika nyumba hiyo.

Mabishano yenyewe ni haya. Novemba 2014, wanaume kwenye steji ya matatu walimvua nguo mwanamke wakidai amevaa vibaya, na mtu akarekodi. Tarehe 17 wanawake walitoka Uhuru Park hadi Accra Road wakisema nguo yangu ni hiari yangu. Mwezi mmoja tu kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeliagiza Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, na kuondoa alama ya jinsia. Kwangu hayo yalikuwa mambo ya msimu mmoja na ya mwili mmoja: nani ana haki ya kukuvua, kukukagua, kuamua wewe ni nani. Hata hivyo, katika kikao kimoja cha maandalizi ya maandamano dhidi ya mauaji ya wanawake, miaka kadhaa baadaye, nilimsikia mwenzetu, mama ninayemheshimu sana, akisema: "Wanangu, bendera yenu tafadhali iacheni nyumbani leo. Tukishinda hili la mauaji, tutakuja kwenu." Alisema kwa upendo. Wengine waliondoka chumbani bila kusema neno, na baadhi yao hawajarudi.

Namwambia mama yule, kama anasoma: Sheila Lumumba, mmoja wa watu wetu wa LGBTQ, alikuwa na miaka 25 alipouawa Karatina, Aprili 2022. Mauaji ya wanawake ni nini kama hayo hayamo? Na Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi, mwili wake ulitupwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara Januari 2023. Aliyemuua alihukumiwa miaka 50 mwishoni mwa 2024. Waliosimama usiku na mishumaa kwa ajili ya Chiloba ndio haohao niliowaona tarehe 27 Januari 2024, pale Jeevanjee, maelfu ya wanawake waliovaa nyeusi wakitaka mauaji yakome. Niliwajua kwa sura. Walikuwa wamekesha wakichora mabango ya akina mama wengine. Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti aliposimama kuongea, umati ulimuuliza kwa sauti alikuwa wapi siku zote. Swali hilo ni halali, na linatuhusu sisi pia tunapoulizwa na vijana hawa.

Na kuna wageni wetu. Tangu Uganda ilipopitisha sheria zake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ya 2014 na kisha ile kali zaidi ya 2023, wamekuja wengi. Wengine wametoka Kongo na Burundi. Wanapanga vyumba pembezoni mwa mji na kuhama kila majirani wanapoanza kunong'ona. Jukwaani wao ndio wachezaji bora tulionao. Kiswahili chao kina lafudhi ya Kampala na Bukavu, na ukumbi hupiga makofi kabla hawajamaliza.

Fedha ni suala linalonisumbua. Kumbi nyingi tulizozitumia ni za taasisi za kigeni au zilikodiwa kwa pesa za wafadhili. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo vya afya ambavyo watu wetu walivitegemea vilifunga milango, na jioni nyingi za sanaa zilizokuwa zikiegemea bajeti hizo zikafa pamoja navyo. Zilizobaki ni zile zilizoendeshwa kama chama: kila mtu anatoa kidogo kwa M-Pesa kila mwezi, mweka hazina anasoma hesabu hadharani, anayekosa mwezi huu anasaidia kupika. Naamini zaidi katika hizo. Mfadhili akiondoka anaondoka na ukumbi wake. Chama kikikosa ukumbi kinakutana sebuleni kwa mtu hadi kipate kingine.

Ila sebule hazitoshi watu themanini, na ndiyo maana narudi kwa wenye kumbi, wa kanisa, wa shule, wa mikahawa yenye ghorofa ya juu isiyotumika Jumanne. Mwaka 1992 kanisa lilifungua chumba chake cha chini wakati askari wakiwa nje, na kanisa hilo lingali limesimama. Tunachoomba ni kidogo kuliko hicho. Andika jina letu la kweli kwenye kitabu chako cha kukodisha. Tutoze bei unayowatoza wengine. Mtu akipiga simu kuuliza tuko humo akina nani, mwambie ni wateja. Taa ya kwenye ngazi iache ikiwaka hadi saa tatu na nusu, na mlango wa nyuma usifungwe kwa kufuli.